Daktari John Kirk na Mmea wa Kombe

Msomaji akifungua ramani ya Zambia na kuufuata mto Luapula kwenda kaskazini, ataona mahali unapoingia katika Ziwa Mweru. Kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa hilo ndipo ulipo mji wa Nchelenge, penye mitumbwi ya wavuvi na samaki walioanikwa juani. Ng'ambo ya maji ni nchi ya Kongo, ambako Kiswahili husemwa kila siku. Ndani ya ziwa kimo kisiwa kiitwacho Kilwa, jina lisilo geni kwa mtu wa pwani.

Tangu zamani wawindaji wa nchi hizo walijua sumu ya mishale ambayo Wabemba huiita bulembe. Sumu hiyo hutoka katika mbegu za mmea wa porini wenye maua mazuri, ambao jamii yake wataalamu huiita Strophanthus. Ndugu yake wa karibu huota katika bonde la mto Shire, na Wamang'anja wa huko waliuita kombe. Kutoka katika mbegu za kombe wanasayansi walipata dawa ya moyo iliyotumika ulimwenguni kwa miaka mingi. Mtu aliyeutambulisha mmea huo kwa wataalamu wa Ulaya ni Daktari John Kirk, yule yule ambaye baadaye alikuwa Balozi wa Uingereza katika Unguja. Wengi wetu tumesoma habari zake katika mambo ya biashara ya watumwa, lakini ni wachache wanaojua kwamba kabla ya ubalozi alikuwa mganga na mtaalamu wa mimea. Kwa hiyo yafaa tuyaangalie maisha yake tangu mwanzo.

John Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba, 1832, katika kijiji cha Barry, karibu na mji wa Arbroath, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Kijana huyu alipelekwa kusoma uganga katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akafuzu mwaka 1854. Siku zile mwanafunzi wa uganga alilazimika kujifunza mimea pia, maana dawa karibu zote zilitoka katika majani, mizizi na mbegu. Kirk aliyapenda masomo hayo kuliko mengine. Mwaka 1855, wakati wa vita vya Krimea, alikwenda kuwatibu askari katika hospitali iliyokuwa upande wa Uturuki, na hata huko alipopata nafasi alitoka kwenda milimani kuchuma maua na kuyakausha.

Mwaka 1858 Daktari David Livingstone alikuwa akitayarisha safari kubwa ya mto Zambezi, akataka mtu mmoja awe mganga na mtaalamu wa mimea. Kirk alichaguliwa, naye alikuwa na umri wa miaka 25 tu. Wakaondoka Liverpool mwezi wa Machi mwaka huo.

Safari ile ilikuwa ngumu mno. Mashua yao ya moshi ilivuja na kula kuni bila kushiba, homa iliwashika wote, na viongozi waligombana wao kwa wao. Kirk alikuwa mtu wa maneno machache. Asubuhi alitibu wagonjwa, mchana alikusanya mimea, na usiku alijaza daftari kwa mwanga wa taa. Mwaka 1859 alifika Ziwa Nyasa pamoja na Livingstone, na mwaka 1860 waliyaona maporomoko makubwa ya Mosi-oa-Tunya.

Walipokuwa wakirudi kutoka huko likatokea jambo ambalo lingemvunja moyo mtu mwingine. Katika magenge ya Kebrabasa mtumbwi wake ulipinduka, naye nusura afe maji. Alitoka salama, lakini daftari zake, michoro yake na mimea aliyoikausha kwa shida vilichukuliwa na mto. Kazi ya miezi mingi ilipotea katika dakika chache. Basi Kirk akatafuta karatasi nyingine, akaanza tena.

Sasa tuje kwenye habari ya kombe. Kila mahali katika bonde la Shire, Kirk aliwaona wawindaji wakitumia mishale yenye sumu. Mnyama aliyepigwa hakwenda mbali akaanguka. Nyama yake ililiwa bila madhara, ila ile iliyozunguka jeraha iliondolewa. Jambo hili lilimshangaza mganga kijana. Aliuliza sumu hiyo hutoka katika mmea gani, na kila mara watu walimwonyesha mmea mwingine usiokuwa wenyewe. Wala tusiwalaumu. Sumu ile ilikuwa chakula chao na silaha yao. Nani atamkabidhi mgeni ufunguo wa ghala yake siku ya kwanza?

Siku moja, katika kijiji cha Chibisa kwenye mto Shire, Kirk aliona mtambaazi uliopanda juu ya mti mrefu, nao ulikuwa na maganda mawili mawili ya mbegu. Aliomba mtu apande kumchumia, lakini hakuna aliyekubali. Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na bila shaka mtaka cha juu sharti apande. Kirk akaukwea mti mwenyewe. Watu walipomwona anayashika maganda yale ovyo waliingiwa na hofu. Walijua kwamba utomvu wake ukiingia katika mkwaruzo au mdomoni, mgeni wao atakufa mbele yao. Wakampigia kelele ajihadhari, na kwa kumwonya wakakiri kwamba mmea ule ndio kombe. Hivyo siri iliyofichwa kwa muda mrefu ilifunuliwa na huruma ya wenyeji. Walitaka kuyaokoa maisha ya mtu, ingawa kwa kufanya hivyo walitoa siri yao.

Kombe ni mmea wa kutambaa wenye shina gumu. Ua lake lina petali tano, na kila petali lina mkia mrefu unaoning'inia kama uzi uliosokotwa. Ndiyo sababu wataalamu walitunga jina Strophanthus kutoka maneno ya Kiyunani yenye maana ya kamba iliyosokotwa na ua. Ganda likikauka hupasuka, na ndani yake zimo mbegu nyingi, kila moja ikiwa na unyoya wa nyuzi laini kama sufi, ili upepo uichukue mbali.

Kirk alipata somo la pili kwa bahati tu. Sumu kidogo ya kombe ilikuwa imegusana na mswaki wake katika mizigo. Alipopiga mswaki alisikia uchungu mkali mdomoni, kisha, akiwa mganga mwenye mazoea ya kujipima, akashika mkono wake na kuona kwamba mapigo ya moyo yamepungua. Mtu mwingine angesukutua mdomo na kusahau. Yeye alitambua kwamba kitu kinachoweza kuusimamisha moyo wa nyati kinaweza pia, kikipimwa kidogo kabisa, kuutuliza moyo wa mgonjwa. Lakini msomaji asijaribu jambo hili hata kidogo. Kirk aliponea chupuchupu, na mbegu za kombe huua leo kama zilivyoua zamani.

Mwaka 1863 Kirk alirudi kwao akiwa amedhoofishwa na ugonjwa wa tumbo. Mimea yake ilipelekwa katika bustani kuu ya Kew, karibu na London, na huko mtaalamu Daniel Oliver aliupima mmea wa kombe, na mwaka 1870 akautangaza kuwa aina mpya kwa jina la Strophanthus kombe. Hivyo neno la Wamang'anja limebaki katika vitabu vya elimu ya mimea mpaka leo.

Lakini kuujua mmea si kuijua dawa yake. Mbegu moja ina mafuta, sukari, rangi na vitu vingine vingi. Ni kipi kati ya hivyo kinachougusa moyo? Kazi ya kujibu swali hili iliangukia kwa Thomas Richard Fraser wa Edinburgh, mtu aliyekuwa mdogo kwa Kirk kwa miaka minane hivi. Kufikia mwaka 1865 wataalamu wa Uingereza na wa Urusi walikuwa wameonyesha kwamba sumu hii husimamisha moyo wa chura. Fraser alitaka kukitoa kile kitu chenyewe na kukishika mkononi.

Wanafunzi wa kemia watapenda kujua namna kazi hiyo ilivyofanyika. Kwanza mbegu husagwa, kisha huoshwa kwa etha ili mafuta yatoke. Unga unaobaki hulowekwa katika spiriti, nayo huchukua kile kitu kichungu. Spiriti ikivukizwa hubaki utomvu mzito. Utomvu huo huyeyushwa katika maji na kutiwa tanini, dawa kali iliyomo katika magome ya kutengenezea ngozi. Hapo kile kitu hushikamana na tanini na kuzama chini. Baadaye tanini huondolewa kwa oksidi ya risasi, na mwishowe hupatikana unga mweupe, mchungu kupita kiasi. Fraser aliuita strofanthini. Kila hatua aliijaribu kwa moyo wa chura, ili ajue kama nguvu imebaki katika sehemu aliyoiweka au katika ile aliyoitupa. Huo ndio ufundi wote wa kutafuta dawa katika mmea: kugawa, kujaribu, kisha kugawa tena.

Aligundua pia kwamba strofanthini ikichemshwa pamoja na asidi nyepesi hugawanyika mara mbili. Sehemu moja ni sukari, na ya pili ni kitu alichokiita strofanthidini. Vitu vya namna hii huitwa glukosidi. Mwaka 1885 Fraser aliwatangazia waganga kwamba strofanthini, kwa kipimo kidogo, huufanya moyo dhaifu upige kwa nguvu zaidi. Mbegu za kombe zikaanza kununuliwa kutoka nchi ya Nyasa na kupelekwa Ulaya.

Kwa kuwa zipo aina nyingi za Strophanthus, na nguvu zake si sawa, ilibidi wenye dawa wajue mbegu ipi ni ya kweli. Walitumia jaribio jepesi: mbegu ya kombe ikikatwa na kudondoshewa asidi ya salfuriki hugeuka rangi ya kijani, na mbegu za baadhi ya aina nyingine hugeuka nyekundu.

Habari hii inatugusa hata sisi wa upande huu. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alitoa kitu kinachofanana na hicho katika mti ambao Wasomali huuita wabayo. Mti huo ni wa jamii moja na msunguti, unaotiwa katika mishale ya wawindaji wa Kenya na Tanzania. Akakiita uabaini, kisha akakuta kitu kile kile katika mbegu za aina nyingine ya Strophanthus. Wawindaji wa Somalia na wawindaji wa misitu ya magharibi walikuwa hawajaonana kamwe, lakini kila mmoja kwa njia yake alikuwa amevumbua sumu moja.

Wakati Fraser yumo katika kazi hiyo, Kirk alikuwa mbali naye. Mwaka 1866 alifika Unguja kuwa mganga wa ubalozi. Mwaka uliofuata alioa, na polepole akapandishwa mpaka mwaka 1873 akawa Balozi Mkuu. Hapa ndipo Ziwa Mweru linapoingia tena katika habari zake. Livingstone alikuwa amerudi bara peke yake, na mwisho wa mwaka 1866 watu waliomkimbia walifika Unguja na kusema kwamba ameuawa. Habari ile ilikuwa ya uongo. Tarehe 8 Novemba, 1867, Livingstone alifika Ziwa Mweru, kisha akaenda kwa Mwata Kazembe, ambako alimkuta mfanya biashara Mohamad bin Saleh aliyekuwa amezuiliwa huko kwa miaka mingi. Kutoka nchi hizo mzee yule aliandika barua, na mtu aliyetegemewa kumpelekea nguo, dawa na chakula kutoka pwani ni rafiki yake wa zamani, Kirk.

Kirk alituma mizigo, lakini kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua watu wengi Unguja na barani, wapagazi wakapungua, na vitu vingi viliibwa njiani. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, alirudi na kumtangaza Kirk kuwa mzembe aliyemsahau rafiki yake. Magazeti ya Uingereza yakalivuma neno hilo. Kwa Kirk jeraha lile lilikuwa kubwa, maana hata Livingstone mwenyewe alikuwa ameanza kumshuku. Hakujibu matusi kwa matusi. Serikali yake ilichunguza jambo hilo ikamwona hana hatia, lakini Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini ya nchi ya Mweru, na wawili hawa hawakuonana tena.

Mwaka huo huo Kirk alifanya kazi inayokumbukwa zaidi. Miaka 12 nyuma, katika milima ya Shire, alikuwa pamoja na Livingstone walipolikuta kundi la watumwa 84 wamefungwa magogo shingoni, wakawafungua. Jambo hilo hakulisahau. Tarehe 5 Juni, 1873, Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Si kweli kwamba Sultani alikubali kwa maneno matamu tu, maana Kirk alikuwa na amri ya kumweleza kwamba manowari zitaizingira Unguja. Hata hivyo baada ya siku ile Barghash alimwamini Kirk kuliko mgeni mwingine yeyote, na miaka mingi walifanya kazi pamoja.

Imani hiyo ndiyo iliyoumiza mwishoni. Mwaka 1885 Wajerumani walidai nchi za bara, na serikali ya Uingereza ikamwamuru Kirk amshauri Sultani aridhike. Akalazimika kumwambia rafiki yake aachie nchi ambazo yeye mwenyewe alikuwa amemsaidia kuzishika. Mwaka 1886 aliondoka Unguja, na baada ya hapo akastaafu.

Katika miaka yote ya ubalozi hakuacha mimea. Mbweni alikuwa na nyumba na bustani, akapanda humo miti ya nchi mbalimbali. Aliichunguza sandarusi, akaeleza kwamba ile inayochimbwa ardhini ilitoka katika miti ya aina ile ile inayoota mpaka leo. Mtambaazi mmoja wa mpira wa msituni una jina lake, na kima punju wa Unguja pia, katika vitabu vya elimu ya wanyama, huitwa kwa jina la Kirk. Alifariki Sevenoaks, Uingereza, tarehe 15 Januari, 1922, akiwa na umri wa miaka 89.

Kazi ya kombe haikufa pamoja naye. Katika miaka ya 1920 na 1930, Walter Jacobs na wenzake wa New York walifumbua umbo la strofanthidini. Wakaona kwamba molekuli yake moja ina atomu 23 za kaboni, 32 za hidrojeni na 6 za oksijeni, zimepangwa katika pete nne za jamii ya steroidi. Ikajulikana pia kwamba unga wa Fraser haukuwa kitu kimoja, bali mchanganyiko wa glukosidi kadhaa zenye moyo mmoja na sukari mbalimbali. Mwaka 1953 Schatzmann wa Uswisi alionyesha kwamba vitu hivi huizuia ile pampu ya chembe za mwili inayotoa sodiamu nje. Mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark aliieleza kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Siku hizi hospitali nyingi hutumia dawa nyingine za moyo, lakini uabaini ungali ukitumika katika maabara.

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu mliokwisha kutoka shuleni, tunajifunza nini? Kirk hakuivumbua sumu ya kombe. Wamang'anja waliivumbua, kama Wabemba walivyoijua bulembe yao. Alichofanya yeye ni kuuliza bila kuchoka, kupanda mti mwenyewe, kuandika, na kuanza upya mto ulipomnyang'anya maandishi. Sisi tuna nafasi aliyoikosa, maana wazee wanaoyajua majina ya mimea ya kwetu ni babu na bibi zetu, wala hawatatuonyesha mmea wa uongo. Tuwaulize wangali hai. Tukauke jani na ua kati ya karatasi, tuandike jina la mmea kwa lugha ya nyumbani, mahali ulipoota na tarehe, na tuandike pia jina la mzee aliyetufundisha. Mzee aliyemwonya Kirk chini ya mti ule hakuandikwa jina. Jambo hilo tunaweza kulitengeneza sisi.